Vidole vikianza kufa ganzi usijikaze: neno kwa trafiki wa pikipiki

Juzi kijana mmoja kanitumia meseji: "Shikamoo mzee, mi askari niko pikipiki mwaka wa tatu, asubuhi vidole vya kulia vinakufa ganzi mpaka vifungo vya shati nafungiwa na wife, hii ni kawaida?" Nimeisoma mara nne halafu nikaangalia vidole vyangu.

Mi nimekaa juu ya pikipiki miaka 14. Nisiwe muongo, ile kazi nlikuwa naipenda kupita kiasi, msafara ukipita wewe ndo uko mbele, king'ora kinalia, malori yote yanakaa pembeni, watoto wa shule wanakupungia, sa hapo nani anakumbuka mikono? Nlipohamishiwa Iringa ndo mambo yakaharibika. Mafinga mpaka Makambako asubuhi ya mwezi wa saba, baridi ile wenyeji mnaijua. Siku moja nafika, navua glovu, naona vidole viwili vimepauka kama vimechovywa kwenye unga wa muhogo, navigonga kwenye tenki sisikii kitu. Baadaye damu ikarudi, aisee yale maumivu, machozi yakanitoka nikasingizia vumbi.

Nikakaa kimya mwaka mzima. Siku nimemwambia bosi wangu wa wakati huo akacheka mbele ya wenzangu, "afande, pikipiki imeshakuwa nzito?" Hilo neno ninalo mpaka leo. Hospitali nikapewa vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua, daktari hakuuliza nafanya kazi gani na mi sikusema.

Kumbe ugonjwa wenyewe unajulikana siku nyingi, hata wakata miti wa chenso wanao. Mtetemo wa injini unapita kwenye usukani unaharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu vidoleni, baridi ikija inajifunga. Japani trafiki wa pikipiki wanawaita shirobai, yaani pikipiki nyeupe, na wataalamu wa huko walishapima mtetemo wa mikono yao tangu miaka ya 1990. Umoja wa Ulaya mwaka 2002 wakaweka kabisa kiwango, wastani wa siku ya saa 8 ukizidi mita 2.5 kwa sekunde mraba mwajiri achukue hatua, na 5 ndo mwisho (fizikia nlipata F lakini hii nimeikariri). Sisi tulikuwa tunapimwa kwa kuchekwa.

Sa mdogo wangu, usiukamate usukani kama unamnyonga mtu, legeza. Glovu za joto, vidole visipigwe upepo. Sigara acha, inabana mishipa ileile. Pikipiki ikitetema kuliko kawaida iandikie ripoti, usijifanye fundi. Na masikio pia, langu la kushoto linalia ngiiii usiku kucha, king'ora na upepo wa helmeti hivo. Ila kubwa nenda hospitali mapema na ukifika mwambie daktari kabla hajauliza, mimi naendesha pikipiki kutwa nzima. Nyie vijana mnapenda kuonekana majasiri, mnaficha ganzi kama mnavyoficha madeni, halafu mkistaafu hata tonge la ugali linawaponyoka, na hapo nawaambia kitu nakifanya kila siku mezani kwangu.

Jana kaniandikia tena. Anaenda Jumatatu, ila ruhusa ameomba ya msiba.