Wasomaji Wanauliza: Wengi Wape, Lakini Wengi Wangapi?

Toleo lililopita tulieleza kwa ufupi habari za Tokelau, visiwa vidogo vya Pasifiki vilivyo chini ya New Zealand, ambavyo wenyeji wake walipiga kura ya maoni mara mbili kuhusu kujitawala. Barua zilizofuata zimetoka Arusha na Moshi. Tumechagua sita.

Mlisema mara zote mbili waliosema "ndiyo" walikuwa wengi, halafu mkasema pendekezo lilianguka. Wanafunzi wangu wamenibana: ile "wengi wape" iko wapi?
*Mwalimu wa Uraia, Usa River*

Mwalimu, wanafunzi wako wameshika penyewe. Tokelau ni visiwa vitatu vya matumbawe: Atafu, Nukunonu na Fakaofo. Wakazi wote ni kama 1,500, yaani chini ya shule mbili kubwa za sekondari. Uwanja wa ndege hakuna. Meli hutoka Apia, Samoa, na husafiri zaidi ya siku nzima. Ikifika hukaa nje ya mwamba, abiria wakashushwa kwenye boti ndogo.

Kwa hiyo hata kura yenyewe ilisafiri. Ile ya kwanza ilianza tarehe 11 Februari 2006 kwa Watokelau waliokuwa Apia, ikahamia kisiwa kimoja baada ya kingine hadi tarehe 15, waangalizi wa Umoja wa Mataifa wakiwapo. Swali lilikuwa kama Tokelau ijitawale kwa ushirika huru na New Zealand, yaani ijiendeshee mambo yake huku ikibaki imefungamana nayo. Kura halali zilikuwa 581, na ndiyo zilikuwa 349, sawa na asilimia 60. Oktoba 2007 walirudia. Safari hii kura halali zilikuwa 692, na ndiyo zilikuwa 446, sawa na asilimia 64.4.

Sasa kizingiti. Bunge lao, linaloitwa Fono Kuu, lilikuwa limekubali kabla ya kura kwamba zinahitajika theluthi mbili za kura halali. Waambie wanafunzi wachukue kalamu: 692 gawanya kwa 3, zidisha kwa 2, unapata 461 na sehemu. Kwa kuwa mtu hagawanyiki, unapanda hadi 462. Toa 446. Zilipungua kura 16. Kwa wingi wa kawaida, yaani nusu na moja juu, zingetosha kura 347, na wangevuka wakiwa na 99 za ziada.

Wapeni na mfano wa nyumbani. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, na ndiyo ikapata asilimia 66.4. Theluthi mbili ni asilimia 66.7. Kwa kizingiti cha Tokelau, kura ile ya Zanzibar nayo ingeanguka! Ilipita kwa sababu kilichotakiwa kilikuwa wingi wa kawaida.

Je, Watokelau walikosea kuweka theluthi mbili? Hatuoni hivyo. Kila kijiji kina baraza la wazee, Taupulega, na mambo huamuliwa kwa kuzungumza mpaka watu waelewane. Jamii ndogo kiasi hicho haiwezi kubadilisha hadhi ya nchi huku karibu nusu ya majirani wamenuna. Lakini kizingiti kirefu kina gharama yake: kinampa nguvu zaidi yule anayetaka mambo yabaki yalivyo. Hofu ndogo tu inatosha. Tokelau hofu ilikuwapo, ya kupoteza uraia wa New Zealand na misaada yake, ingawa rasimu ya mkataba ilisema vyote viwili vitabaki. Isitoshe, Watokelau wapatao 7,000 wanaoishi New Zealand kwenyewe hawakuwa na kura, ila sauti walikuwa nayo, na simu ya shangazi aliye ughaibuni ina uzito.

Sisi Wameru tulimtuma Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kudai ardhi ya Engare Nanyuki. Hawa wa Pasifiki kwa nini hawaendi huko?
*Mzee msomaji, Poli*

Shikamoo mzee wetu. Wanakwenda, tena kila mwaka, ila mlango aliopitia Kirilo umefungwa. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, yaani iliyotawaliwa chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, na malalamiko ya nchi za udhamini yalisikilizwa na Baraza la Udhamini. Baraza hilo lilisimamisha kazi Novemba 1994, baada ya Palau, nchi ya mwisho ya udhamini, kupata uhuru.

Mlango uliobaki ni wa nchi zisizojitawala. Umoja wa Mataifa una orodha yake, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na majina 17. Sita ni ya Pasifiki: Tokelau, New Caledonia, Polinesia ya Ufaransa, Guam, Samoa ya Marekani na Pitcairn. Orodha hiyo inashughulikiwa na Kamati Maalumu ya kuondoa ukoloni, maarufu kama Kamati ya 24. Tanzania ni mjumbe, na Salim Ahmed Salim aliiongoza kuanzia mwaka 1972.

Utaratibu ni huu. Mtu au chama kinaandika barua kuomba kusikilizwa. Kuna kikao cha Kamati ya 24 katikati ya mwaka, na kuna Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, ambayo husikiliza waombaji mwezi Oktoba jijini New York. Muda wa kusema ni dakika chache tu, kwa hiyo anayejua kazi huwasilisha na maandishi. Kinachokwamisha wengi ni nauli, na kutaja malalamiko kumi badala ya ombi moja linaloweza kuandikwa kwenye azimio. Kirilo alikwenda na jambo moja linaloeleweka: watu wapatao 3,000 wamehamishwa kwa nguvu, warudishiwe ardhi yao. Haikurudi siku ile, lakini dunia nzima ilisikia jina la Meru.

Na kuna jambo ambalo vijana wengi wa Arusha hawalijui. Wakili aliyewasaidia Wameru, Earle Seaton, aliyekuwa na ofisi Moshi, alizaliwa Bermuda. Bermuda yenyewe mpaka leo iko kwenye orodha ileile ya nchi zisizojitawala.

Ni lazima mtu achague uhuru kamili?
*Msomaji, Njiro*

Hapana. Azimio namba 1541 la mwaka 1960 linataja njia tatu: uhuru, ushirika huru na nchi nyingine, au kuungana nayo kwa haki sawa. Azimio la mwaka 1970 liliongeza hadhi nyingine yoyote ambayo watu wenyewe wameiamua kwa hiari. Visiwa vya Cook vimekuwa katika ushirika huru na New Zealand tangu 1965, Niue tangu 1974.

Nani hasa ana haki ya kupiga kura kama hiyo? Mgeni aliyehamia juzi naye anaamua hatima ya nchi?
*Mwanachuo, Moshi*

Hapo ndipo vita vyote vilipo. Tunathubutu kusema kwamba mara nyingi kura ya aina hii huamuliwa kwenye daftari la wapigakura, miaka kabla ya sanduku kufunguliwa.

New Caledonia iko chini ya Ufaransa tangu 1853. Wenyeji, Wakanaki, wamekuwa wachache nchini mwao kutokana na uhamiaji. Mkataba wa Nouméa wa mwaka 1998 ulikubali hadi kura tatu za uhuru, na daftari maalumu ambalo halimwingizi kila mkazi. Mojawapo ya vigezo vya kuingia ilikuwa kuishi huko mfululizo miaka 20 kufikia tarehe 31 Desemba 2014. Angalia matokeo: mwaka 2018, hapana asilimia 56.7, mwaka 2020, hapana asilimia 53.3. Pengo lilikuwa linazibika. Kura ya tatu, Desemba 2021, hapana ikaruka hadi asilimia 96.5! Usidanganyike na namba hiyo. Wakanaki walikuwa kwenye maombolezo ya waliokufa kwa korona, wakaomba tarehe isogezwe, Ufaransa ikakataa, wakasusa. Waliojitokeza walishuka kutoka asilimia 85.7 hadi 43.9. Kisheria ni matokeo, ila hayajamtuliza mtu. Mei 2024, Bunge la Ufaransa lilipopitisha mpango wa kufungua daftari la chaguzi za majimbo kwa waliohamia baadaye, Nouméa iliwaka moto na watu wakafa.

Guam, kisiwa kilicho chini ya Marekani, ni kinyume chake. Sheria yao ilitenga kura kwa "wenyeji asilia", yaani waliopata uraia wa Marekani kwa sheria ya mwaka 1950, na vizazi vyao. Mkazi mmoja aliyekataliwa kujiandikisha akaenda mahakamani. Mahakama ya rufaa ilisema mwaka 2019 kwamba kigezo hicho ni ubaguzi wa rangi uliojificha nyuma ya ukoo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza kesi, na kura haijapigwa. Kwa hiyo ukifungua daftari kwa wote, mwenyeji anamezwa; ukilifunga kwa ukoo, mahakama ya mtawala inalifuta. Kigezo cha miaka ya ukaazi, kwa maoni yetu, ndicho kinachosimama vizuri zaidi, mradi tarehe ikubaliwe mapema na isiguswe tena.

Wananchi wenyewe wakiitisha kura bila serikali kuu kutaka, inasaidia?
*Msomaji, Boma Ng'ombe*

Inasaidia kama ushahidi. Kulazimisha, hailazimishi. Kisiwa cha Norfolk, kilicho chini ya Australia, kilikuwa na bunge lake tangu 1979. Australia ilipotaka kulifuta, watu waliulizwa, Mei 2015, kama wana haki ya kuamua mustakabali wao. Karibu asilimia 68 walisema ndiyo. Bunge lilifutwa mwezi uliofuata. Ukisikia "kura ya maoni" popote, uliza kwanza: ni sheria gani inamlazimisha mwenye mamlaka kuitii?

Kikundi chetu cha mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, kina wanachama 120, na tunaandika katiba mpya. Baada ya kusoma habari za Tokelau tumetaka kuweka "theluthi mbili" kwenye kubadilisha zamu za maji. Tuandikeje?
*Katibu wa kikundi, Kibosho*

Katibu, neno "theluthi mbili" peke yake halitoshi. Lazima useme theluthi mbili za nini. Tuseme wamekuja mkutanoni 84. Waliopiga kura ni 78, na 6 wamekaa kimya. Kura 4 zimeharibika, zimebaki halali 74: ndiyo 52, hapana 22.

Ukihesabu kwa kura halali, zinatakiwa 50, pendekezo limepita. Kwa kura zote zilizopigwa, zinatakiwa 52, limepita bila hata moja ya ziada. Kwa waliohudhuria, zinatakiwa 56, limeanguka. Kwa wanachama wote, zinatakiwa 80, limeanguka kabisa, na lingeweza kupita tu kama karibu kila aliyehudhuria angesema ndiyo. Ni mkutano uleule, watu walewale.

Ukichagua "waliohudhuria", wale 6 waliokaa kimya umewageuza hapana. Ukichagua "wanachama wote", hata aliyekwenda Dar kwa mwanawe anahesabika amekataa, na utapata katiba isiyorekebishika. Ushauri wetu ni "theluthi mbili za kura halali", pamoja na akidi, yaani idadi ya chini ya wanaotakiwa kuhudhuria, tuseme nusu ya wanachama, ili watu 20 wa juu ya mfereji wasibadilishe zamu za walio chini. Andikeni pia kwamba sehemu ya kura hupandishwa hadi namba nzima. Daftari la wanachama lifungwe siku 14 kabla ya mkutano na libandikwe mahali panaposomeka. Swali liwe moja kwa karatasi moja: ukichanganya zamu za maji na ada ya mwaka, anayekubali moja na kukataa nyingine hana pa kuweka alama, na nyingi ya kura hizo ndizo zinazoharibika. Kura zihesabiwe palepale, mbele ya watu wawili wa juu na wawili wa chini, na wote wanne watie saini kabla karatasi hazijaondoka mezani.