Binti anayejinyima chakula ili awe mwanamitindo

Pole sana, dada yangu. Umesema binti yako wa miaka 16 anataka uanamitindo, sasa anakula vipande vitatu vya tango, sahani ya wali anaisukuma kando, na hedhi imekoma miezi mitatu. Hiyo hedhi ndiyo iliyonishtua. Mpeleke hospitali wiki hii hii apimwe damu na moyo, na aonane na mtaalamu wa afya ya akili. Anoreksia, yaani kujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa, ni ugonjwa, si deko wala kiburi. Usimgombeze mezani, kaeni mle pamoja, mzungumze mengine.

Kuhusu ndoto yake, mweleze ukweli. Mwaka 2006 mwanamitindo Luisel Ramos wa Uruguay, aliyekuwa akijinyima chakula, alifariki akiwa na miaka 22, muda mfupi tu baada ya kushuka jukwaani. Miezi michache baadaye akafuata mwanamitindo mwenzake, Ana Carolina Reston wa Brazili, miaka 21, kwa anoreksia. Ufaransa, tangu 2017, mwanamitindo hudaiwa cheti cha daktari, na tangazo lenye picha iliyopunguzwa mwili kwa kompyuta lazima liseme hivyo. Fungueni pamoja picha alizohifadhi kwenye simu: viuno vingine vimepunguzwa kwa kompyuta, hata mwenye picha hana kiuno kama hicho.

Akizimia au moyo ukimwenda mbio, usingoje kukuche.