Krimu ya projesteroni: soma kopo kwanza

Pole sana dada. Miaka 47, hedhi inarukaruka, usiku unaloa jasho, na jirani anakuuzia krimu ya projesteroni (homoni ya kike) "ya asili". Nakuelewa; mimi nilikuwa nabadilisha shuka mara mbili kwa usiku.

Geuza kopo usome. Kama ni kiazi kikuu mwitu tu, mwili hauwezi kukigeuza kuwa projesteroni. Kazi hiyo hufanyika maabara. Ikiwa ni projesteroni yenyewe, ngozi huipitisha kwa kubahatisha. Kwa hiyo kama unatumia estrojeni, homoni nyingine ya kike ambayo ikiwa peke yake hunenepesha ukuta wa mji wa mimba, usitegemee krimu hiyo kuulinda. Muulize daktari kuhusu projesteroni ya kumeza. Mimi nilianza kwa kupima ujauzito na tezi ya shingoni.

Ukiloanisha pedi kila saa, au damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, nenda hospitali, usingoje.