Kaka ameacha pombe? Hela za zabibu usimkabidhi bado

Mleta mada, USIMPE. Hata mama akilia. Umesema kaka yako hajagusa pombe tangu Pasaka, na sasa anataka malipo ya zabibu zenu za Mpunguzi, Dodoma, yapitie kwenye simu yake "ili ajione mtu". Na mimi nilitaka kujiona mtu.

Niliacha kweli. Wanzuki sikuonja, mvinyo sikuonja, harusini mimi ndiye mzee wa soda. Mke akaanza kulala usingizi. Kumbe jioni, saa zile zile za chupa, nilikuwa nimeinamia simu nasuka mikeka ya kubeti. Uongo ule ule wa "nipo kwenye foleni ya benki", kuficha kule kule, kufoka kule kule mtoto akiniuliza kitu. Mlevi asiyenuka. Na kwa kuwa sinuki, familia ikanikabidhi hela ya kiwanja cha Nala tulichochangishana na wadogo zangu, nikalipie. Nikachomoa kidogo ili nipate na ya hati juu yake (akili hizo!). Ikaliwa. Nikachomoa tena nirudishe iliyoliwa, hadi timu moja ya Ureno, ambayo jina lake mpaka leo linanishinda kutamka, ikachana mkeka wa mwisho. Kiwanja kauziwa mwingine. Mdogo wangu wa kike haongei nami. Na pombe bado sijanywa! Ini safi kabisa, nipeni cheti.

Anayenichoma roho ni yule aliyejiita mshauri. Alinisimamisha mbele kwenye mkesha, akatangaza nimepona, akamgeukia mke wangu: "Mrudishie baba madaraka yake yote." Hakuuliza jioni nashinda wapi, wala nani mwingine anaona salio. Sadaka alipokea. Madaktari wa akili wa Marekani waliuweka uraibu wa kamari fungu moja na ulevi kwenye mwongozo wao wa 2013. Yeye kubeti alikuita kuchangamsha akili.

Kwa hiyo chupa iache kando, angalia jioni zake na anavyojibu akiulizwa habari za hela. Kinachozidi nauli kisipite mikononi mwake peke yake. Fungueni akaunti ya saini mbili, taarifa yake isomwe sebuleni wote mkiwepo. Akinuna siku mbili ni kawaida, hata mimi nilinuna. Akianza kuzungusha maneno, subirini msimu mwingine. Kwangu mpaka sasa laini ya pesa anayo mke, na nauli naomba kama mwanafunzi.

Uliuliza na dawa ya methadone inayotolewa kliniki ya Itega. Hiyo ni ya waraibu wa heroini, haitibu pombe. Wa pombe mpeleke hospitali ya akili ya Mirembe wamwone. Ila msiwacheke wa methadone, wapo wanaoinywa kila siku na maisha yao yametulia kuliko yangu enzi za soda.

Mengine uliyouliza yamenitoka. Mnunuzi wa zabibu ana namba ya nani sasa hivi? Kama ni ya kaka, mpigie kwanza, ndipo urudi kunijibu.