Nakshi za uzi wa fedha nyumbani: anza na shaba, na moto uupeleke kwenye fremu

Hereni zangu za kwanza za uzi wa fedha ziliyeyuka mbele ya macho yangu. Jioni tatu nzima nilikuwa nimekaa nikikunja mizunguko ya ndani, midogo kama punje za mtama, nikaipanga ndani ya fremu mpaka ikakaa sawasawa. Kisha nikauelekeza mwali wa moto katikati ya hereni, iliyokuwa na umbo la ua. Kufumba na kufumbua mizunguko yote ikawa tone moja linalong'aa, fremu ikabaki imezunguka tundu. Nililia, sioni aibu kusema.

Leo najua kwa nini. Uzi wa ndani una unene wa kama milimita 0.3, fremu inafika milimita 1. Chembamba hushika moto upesi, kinene hukawia. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 961, na uzi ule mwembamba unafika huko fremu ikiwa bado haijawa tayari kupokea lihamu, yaani madini ya kuunganishia. Kwa hiyo mwali uzungushe nje, ukiifuata fremu polepole, usitulie mahali pamoja. Lihamu huenda kulikojaa joto. Fremu ikiwa na joto la kutosha, itaivuta yenyewe. Ukiona imemeta kama maji, ondoa moto saa hiyohiyo.

Lakini usianze na fedha. Tafuta waya laini wa taa ya mezani iliyokufa, uchune ganda, ndani utakuta nyuzi nyingi nyembamba za shaba. Zichome kidogo mpaka ziwe nyekundu ili zilainike. Chukua mbili, ncha zifunge kwenye msumari, upande wa pili zibane kwenye drili ya mkono, zungusha hadi zisokotane kama kamba ya katani. Halafu zilaze juu ya chuma tambarare uzigonge kwa nyundo yenye uso laini. Hapo utaona ukingo umetoka vijino vidogo vilivyopangana, na hivyo vijino ndivyo vinavyoipa kazi mng'ao. Masonara wa Cuttack, India, ambao kazi hii wanaiita tarakasi, nao husokota na kulaza uzi namna hiyo. Sonara mwenye karakana huvuta uzi wake kwenye chamburo, bamba la chuma lenye matundu, tundu hadi tundu, mpaka uwe mwembamba. Wewe nyumbani nunua uzi uliokwisha kuvutwa.

Fremu ifanye kwa waya mnene wa shaba wa nyumba, uugonge ubapa kidogo. Kisha jaza. Hapa usiwe na haraka hata chembe. Kila mzunguko uguse jirani yake na uguse fremu, kwa sababu lihamu haivuki pengo. Kipimo changu ni hiki: nainyanyua fremu kwa kibano na kuitikisa kabla ya moto. Kikianguka hata kimoja, narudi kukunja. Wiki mbili za kwanza sikuwasha moto kabisa, nilikuwa nakunja na kujaza tu, na naamini ndizo zilizonifundisha zaidi.

Lihamu nunua ya fedha, uisage kwa tupa iwe unga, uchanganye na boraksi (unga mweupe unaoisaidia lihamu kutiririka), unyunyize juu ya kazi iliyoloweshwa kidogo. Iache ikauke yenyewe. Ukiichoma ikiwa mbichi boraksi hufura na kuinua mizunguko yako. Lihamu ya risasi ya mafundi redio usiiguse kabisa: ikishapata moto mkali hula fedha na kuacha mashimo. Na ukinunua vijiti vya mafundi friji, uliza kwanza kama vina madini ya kadimiamu, maana moshi wake ni sumu. Mimi nafanyia kazi barazani, juu ya kipande kikubwa cha mkaa nilichokisawazisha uso, watoto wakiwa wamelala.

Kusafisha ni rahisi: itie kazi kwenye maji moto ya ndimu na chumvi, uitoe kwa kijiko cha mti. Chuma kikiingia humo, fedha inatoka na rangi ya shaba. Malizia kwa sabuni na brashi laini ya shaba nyeupe.

Sasa najaribu kuigiza nakshi za kidani cha marehemu bibi. Ua lake lina petali nane, na kila petali nimeikunja mara nne tayari. Ya tano naona itakaa.