Baba Yako Anakumbuka Kila Kitu, Lakini Usitume Gari

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Ramadhani,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na jana usiku nikaurudia baba yako alipolala. Umeniuliza: "Mama, gari nimeshalipata, ni la otomatiki, baba hatasumbuka tena na klachi. Kwa nini unasema nisitume? Mbona nikimpigia anakumbuka hata jina la mwalimu wangu wa darasa la tatu?" Umeuliza kwa mapenzi, najua. Kwenye simu sikuweza kukujibu kwa sababu mwenyewe alikuwa ameketi pembeni yangu anamenya chungwa.

Ni kweli anakumbuka. Atakuhadithia malori ya mahindi aliyokuwa akiyatoa Kasulu enzi zile barabara ni tope tupu, na kila daraja atakutajia. Lakini kumbukumbu za zamani haziendeshi gari. Gari linataka ubongo ugawe macho mbele, pembeni na kwenye kioo kwa wakati mmoja, upime kinachokuja kiko mbali kiasi gani na kinakuja kwa kasi gani, ukate shauri upesi, na uweze kujizuia hata kama mguu umeshaanza kukanyaga. Hayo yanaweza kulegea huku hadithi za zamani zikiwa nzima kabisa. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, wazee wa namna hiyo nimewahudumia wengi, na bado ndani ya nyumba yangu ilinichukua karibu mwaka mzima kukubali.

Mwezi wa pili tulikuwa tunarudi kutoka msibani. Tulipofika Mwandiga akataka kukata kulia aingie sokoni tununue ndizi. Ilikuwa mchana kweupe, hakuna mvua. Mbele yetu ilikuwa inakuja bodaboda, imembeba mama mmoja na kikapu. Nilimtazama baba yako usoni, nikaona macho yake yameikodolea ile pikipiki. Nikasema moyoni, ameiona, atangoja. Akaingia. Yule kijana aliilaza pikipiki hadi kwenye mchanga, abiria wake akarukia upande wa pili, nyanya zikatapakaa barabarani. Alhamdulillahi walipata michubuko tu. Baba yako alishuka anatetemeka, akaapa kwamba hakuiona. Na hakusema uongo, mwanangu. Jicho liliiona, akili ikachelewa kuipokea.

Nchi zilizochunguza mambo haya kwa muda mrefu zimeona kitu hicho hicho. Kijana huponzwa na mwendo na pombe. Mzee huponzwa na njia panda, hasa pale anapotakiwa kukatiza mbele ya magari yanayokuja. Ndiyo maana mzee anaweza kuendesha taratibu, kwa adabu zote, na bado akawa hatarini.

Dalili zilianza kabla ya hapo na mimi nikazifunika. Geti alilikwaruza upande ule ule mara mbili. Indiketa ilikuwa ikiwaka kutoka Gungu hadi nyumbani. Siku moja pale Mwanga alisimama katikati ya barabara akawa anafikiri, watu wanapiga honi, mimi nikamwambia aliye nyuma apite. Kisha jioni moja tunatoka Kibirizi kununua dagaa akaipita kona ya kwetu, kona aliyoikata miaka 40. Alicheka, nami nikacheka. Ningekuwa kazini, mambo hayo manne ningeyaandika kwenye faili la mgonjwa bila kusita.

Hospitali tulianza na yanayotibika, na wewe ukisikia mzee wa rafiki yako amebadilika, anzeni hapo hapo. Sukari, presha, tezi ya shingoni, upungufu wa damu. Dawa pia: alikuwa anameza piritoni kila jioni kwa ajili ya mwasho, na piritoni humpumbaza mzee hadi asubuhi. Tuliiacha. Mtoto wa jicho alitolewa mwaka jana, ndiyo maana kwa muda nilijipa moyo kwamba tatizo lilikuwa macho. Lakini ya Mwandiga yametokea jicho likiwa safi.

Daktari akampa karatasi, akamwambia achore saa ya ukutani inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Duara akalichora vizuri. Namba zikaanza vizuri, 12 hadi 6, halafu zilizobaki zikabanana upande mmoja kama abiria wa Hiace. Kisha mishale: mmoja akauelekeza kwenye 5, mwingine kwenye 10, vile vile alivyoyasikia maneno. Wewe unajua saa tano mshale mfupi unakaa kwenye 11, na dakika kumi mshale mrefu unakaa kwenye 2. Huyu ni mtu aliyevaa saa mkononi tangu ujana wake. Aliitazama ile karatasi muda mrefu, akaikunja, akaitia mfukoni. Mpaka leo imo kwenye koti lake.

Daktari alisema mchoro mmoja si hukumu, turudi baada ya miezi sita, na kwa sasa asishike usukani. Jina la ugonjwa hajalitamka, nami sitalitangulia. Ila wakubwa hapa mtaani wanaosema "ni uzee tu", na wale wanaonong'ona kwamba amerogwa, usiwasikilize. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ukatolewa mwaka 2013, ulikuta demensia, yaani ugonjwa wa kupungukiwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kwa zaidi ya watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea. Basi katika hao 100 walio wengi sana hawana. Huo si uzee tu, ni ugonjwa, na ugonjwa huangaliwa.

Sasa hilo gari lako. Unadhani otomatiki itamrahisishia. Baba yako klachi ameikanyaga tangu ujana, mguu wake wa kushoto unafanya kazi bila kuagizwa. Ukimpa gari jipya unamtaka ajifunze upya katika umri ambao kujifunza upya ndiko kunakokwenda kwanza. Japani wanahangaika miaka mingi na wazee wanaokanyaga mafuta wakidhani ni breki, na huko mwenye miaka 75 na zaidi hupimwa akili kabla ya kuongezewa leseni. Hapa kwetu wa kumpima ni mimi na wewe.

Nilimsomea habari ya Philip, aliyekuwa mume wa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Januari 2019, ana miaka 97, aligongana na gari jingine akitokea barabara ya pembeni, gari lake likapinduka, na wanawake wawili waliokuwa kwenye lile jingine wakaumia. Mwezi uliofuata akarudisha leseni mwenyewe. Baba yako akanyamaza, kisha akasema, "Alingoja mpaka agonge." Usiku ule alinipa funguo. Sikumnyang'anya, Rama, wala sikumficha, na ukiongea naye usimfanye aone kama alinyang'anywa.

Kinachonitia hofu ni yanayofuata. Tafiti, nyingi za Marekani, zinaonyesha kuwa mzee akiacha kuendesha, hatari ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, huongezeka karibu mara mbili. Nimeanza kuyaona. Ijumaa mbili hakwenda msikitini kwa sababu hataki kupakiwa kwenye boda na vijana aliowafundisha udereva. Anakaa chini ya mwembe anatazama barabara.

Na kuna jambo langu ambalo sijawahi kukueleza. Mimi niliacha kuendesha nikiwa na miaka 55, mkono mzima, macho mazima, kwa sababu tu baba yako alikuwepo na watu walisema mama mtu mzima wa nini tena usukani. Huko walikochunguza wameona hivyo hivyo: wanaume hung'ang'ania hadi mwisho, wanawake huacha mapema, wengi wao wakiwa bado wanaweza. Nilikosea.

Kwa hiyo pesa ya gari iweke. Nitumie kidogo ya kumlipa kijana wa bajaji kila mwezi, kwa siku ambazo mimi siwezi. Njoo Idd ukae naye wiki nzima, mwende Kibirizi pamoja. Leseni yangu nimeihuisha, na macho yangu nimepima kwanza.

Jumamosi alfajiri nilitoa gari nje ya geti. Baba yako alikaa kushoto, mikono magotini, hakusema neno hadi tulipofika karibu na Bangwe. Ndipo akaniambia, "Mama Rama, umeikalia klachi, utaiunguza." Nikainua mguu.

Mama yako