Kulala karibu na Chemka

Uliyeuliza pa kulala karibu na chemchemi ya Chemka (Kikuletwa): shuka Boma Ng'ombe, kwenye barabara kuu ya Moshi–Arusha, uchukue bodaboda au bajaji kupitia Rundugai. Patana bei ya kwenda na kurudi kabisa, maana jioni kule usafiri ni wa kubahatisha. Masika ile njia ya vumbi hugeuka tope, gari dogo linakwama.

Ukitaka hema, uliza getini kabla ya kulipa: kiingilio kinahusu mchana tu au na kulala? Hapo ndipo wengi hulipa mara mbili. Usipige hema chini kabisa ukingoni mwa mto. Mvua ikinyesha juu mlimani mto unajaa hata kama kwako kukavu. Chakula kifungie, ngedere hawana aibu. Kuoga ni kwenye bwawa la chemchemi tu. Kule chini mtoni achana nako, kuna mamba.

Usipopenda hema, gesti za Boma ni nafuu, Moshi kuna chaguo zaidi. Nenda katikati ya wiki, asubuhi. Jumapili ni muziki na vurugu. Na maji ni vuguvugu, si ya moto.